Olonana na Mtihani Wetu wa Jiografia

Mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, nilikuta wenzangu wamekwisha kumchukua Shaaban Robert, Mekatilili na Mzee Jomo Kenyatta. Mimi nikamchagua Olonana, yule ambaye Wazungu walimwita Lenana. Jina lake tunalitaja kila mara bila kujiuliza ni nani. Kuna Shule ya Lenana, kuna Barabara ya Lenana pale Nairobi, lakini ukimuuliza mtu ndani ya matatu ya Kitengela huyu Lenana alikuwa nani, atakuambia labda ni mzungu fulani.

Sababu yangu nyingine ni ya mtihani. Sisi wa kidato cha tatu tuna kikundi cha marudio, watu saba, tunakaa chini ya mti kila Ijumaa kabla ya kushika njia ya nyumbani. Tukifika kwenye ile sehemu ya Jiografia inayohusu binadamu, yaani idadi ya watu, uhamaji, makazi, ufugaji na usafiri, wengi wanakariri tu kama kasuku. Sababu za kumsukuma mtu ahame: nne. Sababu za kumvuta: nne. Kesho yake zimepotea. Sasa mimi nimeona kwamba ukiyajua maisha ya mtu mmoja huyu, mada zote hizo zinakuja zenyewe, na tena zimetokea hapa hapa kwetu Kajiado. Maswali huja kwa Kiingereza, ndiyo, lakini kuelewa hakuna lugha yake. Mimi huelewa kwanza kwa Kiswahili.

Basi tuanze. Olonana alikuwa mtoto wa Mbatian, oloiboni mkubwa wa Wamaasai katika karne ya 19. Hapa lazima nisimame kidogo, maana neno hili ndilo litakalotusumbua hadi mwisho. Oloiboni si mfalme, na si chifu. Ni mtu wa kutabiri, kubariki, kutoa dawa na kuwaombea morani kabla ya safari zao. Wamaasai waliamua mambo yao kupitia wazee na viongozi wa marika, na kila sehemu, kama vile Ilpurko, Ilkaputiei na Iloita, ilijisimamia. Oloiboni aliheshimiwa na kuogopwa sana, lakini hakuwa na karani wala askari wa kumtuma akawaambie watu hameni. Shikeni hilo.

Mbatian alifariki kama mwaka 1890. Husimuliwa kwamba alikuwa amezeeka na macho yamefifia, akamwambia mwanawe Senteu aje asubuhi kuchukua vifaa vya uoloiboni. Olonana akasikia, akarauka mapema kuliko kaka yake, akapewa yeye. Mkisoma mtasema ni hadithi ya Yakobo na Esau kabisa, na hata mimi nilisema hivyo. Watu wa upande wa Senteu na wa Olonana hawasimulii kwa namna moja, na hilo si ajabu. Lisilo na ubishi ni kwamba ndugu hawa wawili waligawanyika. Senteu alikwenda upande wa Loita na nchi iliyokuwa ya Wajerumani, Olonana akabaki upande huu wa Ngong, na wafuasi wao wakapigana kwa miaka mingi. Walipatana mwaka 1902 tu.

Na vita hivyo vilikuja wakati mbaya kuliko wote. Miaka hiyo Wamaasai huiita emutai, maana yake ni kama kumalizika. Kwanza ng'ombe walipatwa na homa ya mapafu. Halafu ikaja sotoka, ambayo ilikuwa imeanzia upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka hadi kufika kwetu kama mwaka 1891, ikafagia mifugo. Mfugaji asiye na ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana hata cha kuuza ili anunue nafaka. Juu ya njaa hiyo ikaja ndui ikaua watu. (Ndui imekwisha duniani tangu 1980 na sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha mwaka 2011, kwa hivyo sisi hatuwezi hata kuwaza jinsi ilivyokuwa.) Wengine walikimbilia kwa Wakikuyu na kuweka watoto wao huko ili wapate chakula.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa kikundi waweke kalamu chini wafikiri. Vitabu vingi husema walowezi walipewa nchi ya Bonde la Ufa kwa sababu ilikuwa na watu wachache. Sawa, ukiandika hivyo utapata alama yako. Lakini ilikuwa na watu wachache lini? Wazungu waliingia mara tu baada ya emutai. Waliona uwanda mtupu wakadhani umekuwa mtupu siku zote. Ni kama mtu aje shuleni mwezi wa Agosti tukiwa likizoni, aandike kwamba jengo hili halina wanafunzi. Tena hata mwaka wa kawaida mfugaji hakai mahali pamoja. Mvua ikinyesha anashuka uwandani, kiangazi kikiwa kikali anakwenda kwenye maji ya kudumu kule Naivasha na nyanda za juu. Nyasi zisizo na ng'ombe mwezi huu zimewekwa akiba ya mwezi ujao. Huo ndio ufugaji wa kuhamahama, nao si kutangatanga ovyo.

Olonana, akiwa na watu wenye njaa upande mmoja na vita na kaka yake upande mwingine, aliamua kujenga urafiki na Waingereza. Mwaka 1894 Wamaasai waliokuwa taabani walipata hifadhi kwenye boma la Waingereza la Fort Smith, karibu na Kabete. Mwaka 1895 kulitokea mauaji ya Kedong, ambapo morani waliua mamia ya watu wa msafara, Waswahili na Wakikuyu, na mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyeitwa Andrew Dick akaenda kulipiza kisasi naye akauawa. Wengi walitarajia vita vikubwa. Havikuja. Waingereza wenyewe waliona msafara ndio uliochokoza, na tena wakati ule hawakuwa na nguvu ya kupigana na Wamaasai. Pande zote mbili zilimhitaji mwenzake. Morani walikwenda na Waingereza katika vita dhidi ya makabila mengine, wakapewa sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Ndivyo mifugo ilivyoanza kurudi. Mimi naona mtu akitaka kumlaumu Olonana kwa urafiki huo, aanze kwanza kujibu watu wake wangekula nini.

Kisha reli. Ilifika mahali palipoitwa Enkare Nairobi, yaani maji baridi, mwezi wa Mei 1899. Ilikuwa imegharimu pesa nyingi sana na serikali ilitaka kuzirudisha. Njia waliyoichagua ni kuleta walowezi walime na kufuga kando ya reli ili mizigo ipatikane. Lord Delamere peke yake alipata ekari 100,000 kule Njoro. Hapo utaona usafiri unavyobadilisha makazi ya watu, mada ambayo sisi huisoma kama kwamba haina uhusiano wowote na ile ya ardhi. Kabla ya reli, Naivasha ilikuwa malisho. Baada ya reli, Naivasha ikawa mali.

Mwezi wa Agosti 1904 mkataba wa kwanza ukawekwa sahihi kati ya Sir Donald Stewart, kamishna wa Uingereza, na Olonana pamoja na viongozi wenzake. Waingereza walikuwa wamekwisha kumfanya Olonana chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho hakikuwako katika mila yao. Kwa mkataba huo Wamaasai walitoka Bonde la Ufa wakaenda katika maeneo mawili: moja la kaskazini, Laikipia, na jingine la kusini mwa reli, ambamo Kajiado yetu imo. Waliahidiwa barabara ya upana wa nusu maili ya kuunganisha maeneo hayo mawili, na mahali pa kufanyia sherehe za tohara kule Kinangop. Na waliahidiwa kwamba maeneo hayo yatakuwa yao maadamu Wamaasai wapo.

Watu wengi husema mkataba ulikuwa wa miaka 99. Hata katika maandamano ya Agosti 2004 jambo hilo lilisemwa sana. Mkataba wenyewe haukutaja miaka 99. Ulisema daima. Ahadi ya daima ikavunjwa baada ya miaka saba, na kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi.

Kwa maana walowezi walipoiona Laikipia waliitaka nayo. Ile barabara ya nusu maili haikupatikana kama ilivyoahidiwa, na serikali ikaanza kusema ni afadhali Wamaasai wote wakae pamoja kusini. Kuwa na watu wote mahali pamoja kungemfaa pia Olonana, maana Wamaasai wa Laikipia walikuwa mbali naye na walimsikiliza zaidi Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa morani wa Ilpurko, ambaye Waingereza waliandika jina lake Legalishu. Hapa siwezi kumtetea Olonana sana. Lakini tarehe 7 Machi 1911 Olonana akafariki. Waingereza wakatangaza kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia watu wake wa kaskazini wahame. Wosia huo ulikuja kuwafaa sana waliouhitaji, na marehemu hawezi kuulizwa. Tarehe 4 Aprili, hata mwezi haujaisha, mkataba wa pili ukawekwa sahihi. Mwanawe Segi, aliyekuwa bado kijana, alitia alama yake. Ole Gilisho pia alitia, kwa shingo upande, halafu akaja kukataa.

Uhamisho wenyewe ulikuwa wa mateso. Mwaka 1911 watu na mifugo walisongamana katika milima ya Mau wakati wa mvua na baridi, wakafa wengi, hadi serikali ikasimamisha. Ukaanzishwa tena 1912 na kumalizika 1913. Gavana Girouard alikuwa amekwisha kujiuzulu mwaka 1912 kwa mambo haya haya ya ardhi ya Laikipia. Huko kusini eneo liliongezwa upande wa magharibi, na kwa ramani lilionekana kubwa. Ila kwa mfugaji ukubwa si hesabu. Wengi walilalamika kwamba maji ni machache, kuna mbung'o na kuna ndigana.

Wamaasai hawakuchukua mikuki. Walichukua wakili. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walipeleka kesi katika Mahakama Kuu kule Mombasa, wakashindwa, wakakata rufani wakashindwa tena mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mahakama ilisema Wamaasai walifanya mkataba na Uingereza kama nchi na nchi, kwa hivyo mahakama haina mamlaka. Yaani walikuwa nchi huru vya kutosha kutia sahihi, lakini si huru vya kutosha kubaki kwao. Tulipoijadili hii kwenye kikundi tulichelewa matatu.

Je, Olonana aliuza nchi? Swali hili kwetu si mchezo, kwa sababu darasani tunakaa pamoja watoto wa wenyeji na watoto wa waliohamia. Wazazi wangu walihamia Kitengela kutafuta kazi karibu na viwanda vya Athi River, wakanunua ploti ya hamsini kwa mia. Rafiki yangu mmoja, babu yake ndiye aliyeuza sehemu ya shamba baada ya ranchi ya pamoja ya Kitengela kugawanywa kwa wanachama miaka ya 1980. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela, na ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Haya, sababu za kuvuta ziko mbele ya macho yetu: eneo la viwanda vya kuuza nje, barabara ya Namanga, bei ya ardhi iliyokuwa rahisi kuliko Nairobi. Na wale nyumbu wa Mbuga ya Nairobi ambao zamani walitawanyika hadi huku kila mvua inyeshapo, sasa wanakuta seng'enge.

Maoni yangu ni kwamba Olonana hakuwa na cha kuuza. Ardhi haikuwa yake, na cheo cha kuuzia alipewa na mnunuzi. Alikubali cheo hicho, kikamnufaisha, na hilo ni lake. Rafiki yangu hakubaliani nami, anasema namhurumia kupita kiasi, na nimemwambia aandike toleo lijalo.

Kwa wale wa marudio: chora ramani ndogo, uweke reli, Naivasha, Laikipia, Mau, Ngong na Kajiado, na mishale miwili, mmoja wa 1904 na mwingine wa 1911 hadi 1913. Kando ya kila mshale andika nani alisukuma. Na ukiulizwa vilele vya Mlima Kenya, Batian ni mita 5,199, Nelion 5,188 na Lenana 4,985. Halford Mackinder, aliyeupanda mwaka 1899, ndiye aliyevipa majina ya hawa maoloiboni, baba akiwa juu na mwana chini yake. Lakini hiyo ni ya karatasi ya kwanza.