Mikono Kwanza, Kisha Maneno

Twasikia mara nyingi Wakristo wakihuzunika kwamba maneno yao mema hayapokelewi, wala nyumbani wala kazini. Yatupasa tumtazame mtu mmoja aliyetumwa kusema na watu waliokuwa na kila sababu ya kutomsikiliza.

Mtakatifu Petro Claver alizaliwa Verdú, nchini Hispania, mwaka 1580. Alipokuwa akisoma katika kisiwa cha Majorca, bawabu wa chuo, Mtakatifu Alfonso Rodríguez, alimhimiza aende Amerika. Mwaka 1610 akafika Cartagena, bandari ya nchi iitwayo leo Kolombia, na huko akapewa upadre mwaka 1616. Bandari hiyo ilikuwa soko kubwa la watumwa waliotolewa Afrika. Walifika katika minyororo, wagonjwa na wenye njaa, na wengi walidhani kwamba wameletwa ili wauawe.

Kila merikebu ilipotia nanga, Padre Claver aliiendea. Hakuanza kwa mahubiri. Alianza kwa matunda na dawa. Aliosha vidonda, akawafunika wagonjwa kwa joho lake mwenyewe. Ndipo aliposema, tena kwa lugha za watu wale, kwa vinywa vya wakalimani waliotoka Afrika.

Wakalimani hao nao walikuwa watumwa wa chuo chake. Hatuna budi kulisema jambo hilo: dhambi ya utumwa ilikuwa imeingia hata nyumbani mwa watumishi wa Mungu, na Claver hakuiondoa. Lakini alikataa kabisa kuwahesabu watu wale kuwa bidhaa. Mwaka 1622, alipoweka nadhiri zake za mwisho, alijitoa kuwa mtumwa wa Waafrika daima. Kanisani aliwaungamisha watumwa kwanza, na mabibi wa kitajiri wakangoja huku wakinung'unika. Alipozuru mashamba alilala katika vibanda vya watumwa, si katika nyumba za mabwana.

Miaka yake ya mwisho aliipitisha chumbani, mgonjwa, karibu amesahauliwa na wote, na aliyewekwa kumtunza alimtunza vibaya. Alifariki tarehe 8 Septemba 1654. Papa Leo XIII alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1888, na mwaka 1896 akamweka awe msimamizi wa misioni kwa watu weusi.

Basi, jamaa za Kikristo, tujiulize. Mtumishi wa nyumbani kwetu hula nini, naye hulala wapi? Jirani aliyeacha kusali, je, tulimwendea alipougua, au twamwendea leo kwa maonyo tu? Mtu aliyeoshwa kidonda husikiliza kwa sikio jingine. Tusishangae maneno yetu yakianguka chini, ikiwa mikono yetu haijatangulia. Wiki hii kila nyumba na ichague mtu mmoja wa kumtendea mema, kabla ya kumwambia neno lolote.