Camille Jenatzy Aliyeshindana na Upepo

Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiendesha gari.

Jenatzy alizaliwa mwaka 1868 huko Ubelgiji, nchi ambayo baadaye iliitawala Burundi hadi 1962. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vitu vya mpira, naye mwenyewe alisomea uhandisi, kisha akaunda magari ya umeme mjini Paris. Mnamo Januari 1899 alianza kushindana na Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat katika barabara iliyonyooka ya Achères, karibu na Paris. Kila mmoja aliivunja rekodi ya mwenzake, mpaka tarehe 4 Machi Mfaransa huyo akafikia kilomita 92.78 kwa saa.

Mshindani mkubwa zaidi alikuwa hewa. Askari aliyewahi kusimama nyuma ya lori likishuka kutoka Bugarama kuja Bujumbura anajua jinsi upepo umsukumavyo kifuani. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo Jenatzy alitengenezewa gari lenye bodi ya madini mepesi, lililochongoka mbele na nyuma mfano wa topido la manowari. Tarehe 29 Aprili 1899 gari hilo, liitwalo La Jamais Contente, yaani Asiyeridhika Kamwe, lilifikia kilomita 105.88 kwa saa.

Hata hivyo kazi ilibaki nusu. Dereva aliketi juu, kichwa na kifua nje. Magurudumu na fremu vilikuwa wazi chini. Upepo ulikamata kila kilichojitokeza. Rekodi ilidumu hadi 1902, ilipovunjwa na Léon Serpollet katika gari la mvuke lenye umbo la yai.

Mwaka 1903 Jenatzy alishinda mashindano ya Gordon Bennett huko Ireland. Lakini hakufia mashindanoni. Mwaka 1913, akiwa mawindoni, alijificha kichakani akaiga sauti ya mnyama kwa mzaha. Mwenzake alifyatua risasi kabla ya kuhakikisha, na jeraha hilo likamwua.

Basi maisha yake yatuachia mafunzo mawili: nguvu ya injini hupotea bure pasipo kupunguza kizuizi kilicho mbele yake, na mwenye silaha hapigi sauti, hupiga kile alichokwisha kukiona na kukitambua.