Sam Ntiro na Ardhi Aliyoichora

Kilangali, wilayani Kilosa, ni nchi ya mpunga. Yako majaruba, iko milima kwa mbali, na wapo watu walioinamia kazi tangu alfajiri. Mandhari ya namna hiyo wengi wetu tunaipita kila siku bila ya kuitazama, kwa sababu tumeizoea. Marehemu Sam Joseph Ntiro hakukubali mazoea yamfumbe macho. Aliitazama ardhi ya kwao akaichora, na maisha yake yanastahili kukumbukwa na kila mwenye dhamana ya utamaduni, bara na visiwani.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro, akakua katikati ya migomba na mibuni. Katika miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda, akajifunza uchoraji kwa Bibi Margaret Trowell. Mwalimu huyo hakutaka kuwatwisha wanafunzi wake mitindo ya Ulaya. Aliwahimiza wachore mambo wanayoyajua wenyewe. Mwanafunzi aliushika wosia huo hata mwisho wa maisha yake. Mwaka 1952 alivuka bahari kwenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London. Miaka mitatu baadaye alirejea Makerere kufundisha, na brashi yake ilikuwa ingali ya Machame.

Katika picha zake mlima haukusimama peke yake kama pambo. Tunaona watu wakichuma kahawa, wakikata miti, wakisaidiana kazi. Nyuso zao hazikuchorwa kwa undani, maana aliyekusudiwa si mtu mmoja bali ni jamii nzima. Wapo waliomwona kuwa mchoraji wa mtindo wa kitoto. Sisi tunasema kwamba mtu aliyefuzu Slade hakukosa ujuzi wa kuchora vinginevyo; alichagua njia hiyo kwa hiari yake.

Picha yake iliyopata sifa kubwa aliichora mwaka 1956. Inaonyesha wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, nchini Marekani. Hivyo desturi ya kijiji cha Kichaga ikapata mahali pa heshima katika mji mkubwa wa dunia, hata kabla Tanganyika haijapata uhuru wake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, taifa changa lilimtuma mchoraji huyu London awe balozi wake wa kwanza huko, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 1964. Aliporudi nyumbani alishughulikia masuala ya utamaduni serikalini, na baadaye akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 1993. Utumishi wa umma haukumtenga na uchoraji, wala uchoraji haukumfanya adharau utumishi. Watumishi wa leo wanaodhani kuwa sanaa ni mchezo wa wasio na kazi wamtazame mtu huyu.

Lakini liko jambo linalotusikitisha. Mtoto wa Kilangali, au wa Pemba, akitaka kusimama mbele ya picha ile ya mwaka 1956, hana budi kuvuka bahari. Hatuwalaumu walioinunua, walitambua thamani yake wakalipa. Lawama zitatuangukia sisi ikiwa wachoraji tulio nao sasa watapita hivyo hivyo, kazi zao zikanunuliwa na wageni huku kuta za ofisi zetu zikining'inia kalenda.

Tunawashauri wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri watenge fungu, hata liwe dogo, la kununua picha za wachoraji wa sehemu zao, na kuzitunza mahali ambapo wananchi wataziona. Shule nazo zisilifanye somo la uchoraji kuwa la kujazia ratiba. Wavunaji wa mpunga wa Kilosa na wachumaji wa karafuu wa visiwani wanastahili kuchorwa kama walivyochorwa wachumaji wa kahawa wa Machame, na picha zao zibaki hapa nchini.