Descartes Hakuwa na Kikokotoo cha Grafu

Nikiwa TP, kidato cha tatu, niliingia darasani na kikokotoo cha grafu cha kuazima. Nikajua leo nitawakosha. Nikabonyeza Y=, nikaingiza x² − 6x + 21, nikabonyeza kitufe cha grafu. Mihimili ikatokea, mstari hakuna! Nikafuta, nikaandika upya, yaleyale. Jamani, jasho lilinitoka.

Binti mmoja wa nyuma alikuwa ameshachora jedwali kwenye daftari. Akasema x ikiwa 3, y ni 12, na hapo ndipo chini kabisa pa mchoro. Kisha akauliza kioo cha mashine kinaishia namba ngapi. Nikatazama: 10. Kumbe grafu ipo, ila iko juu ya kioo! Halafu akaniuliza nani aliamua kwamba mlinganyo unaweza kuwa mchoro. Nimechora grafu tangu sekondari, na sikuwa na jibu. Jioni ile nikaanza kumsoma René Descartes.

Alizaliwa Ufaransa tarehe 31 Machi 1596, katika mji mdogo ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Alisoma kwa Wajesuiti pale La Flèche, na inasimuliwa kwamba kwa sababu ya afya yake dhaifu aliruhusiwa kulala hadi asubuhi iende. Mwaka 1616 alimaliza sheria Poitiers, lakini sheria hakuifanyia kazi. Mwaka 1618 akajiunga na jeshi huko Uholanzi, na pale Breda akakutana na Isaac Beeckman, mtu aliyemrudisha kwenye hisabati. Alikuwa na miaka 22, umri wangu mimi sasa.

Baadaye alihamia Uholanzi, akakaa huko miaka ishirini. Mwaka 1633 aliposikia Galileo amehukumiwa, alikifungia kabatini kitabu chake kuhusu ulimwengu. Mwaka 1637 akachapisha Leiden kitabu kuhusu njia ya kufikiri, akakiandika kwa Kifaransa badala ya Kilatini cha wasomi. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya jometri, na jibu la yule binti liko humo.

Kabla yake, wengi waliona x ni urefu na x² ni eneo la mraba. Sasa utajumlishaje eneo na urefu? Descartes alichagua urefu mmoja uwe kizio, kisha kwa pembetatu zinazofanana akaonyesha kwamba mstari ukizidishwa kwa mstari, jibu laweza kuwa mstari pia. Kuanzia hapo x² − 6x + 21 ni urefu mmoja tu, unaoweza kupimwa na kuchorwa. Kuandika x, y na z kwa visivyojulikana, na kipeo kidogo juu ya herufi, tumerithi kwake. Mihimili miwili kama msalaba hutaikuta kwake, ilizoeleka baadaye. Na hakuwa peke yake: Fermat alifikia wazo hilohilo wakati huohuo, ila hakulichapisha.

Jometri yake ni ngumu kusoma, na kwa makusudi. Aliacha hatua nyingi ili msomaji apate raha ya kuzigundua mwenyewe. Kama mwalimu mtarajiwa, hapo nilimnunia kidogo.

Maisha hayakumbembeleza. Binti yake Francine alifariki mwaka 1640 akiwa na miaka mitano. Mwaka 1649 Malkia Christina wa Sweden alimwita Stockholm, akataka vipindi saa kumi na moja alfajiri, tena baridi kali. Yule aliyezoea kuamka kwa kuchelewa akashikwa na nimonia, akafariki tarehe 11 Februari 1650, akiwa na miaka 53.

Mtu huyu alijulikana kwa kutilia shaka hata anachokiona kwa macho yake. Mimi niliona kioo kitupu nikaamini, mwanafunzi wangu akatilia shaka. Nani kati yetu alikuwa mfuasi wa Descartes?

Kipindi kilichofuata tulianza na karatasi. Kila mmoja akatafuta nukta tano, akaziunganisha, ndipo nikatoa mashine. Safari hii niliwauliza wao y iishie wapi. Wakasema 30. Nikaweka 30, na mchoro ukatokea palepale walipotabiri. Yule binti hakushangaa hata kidogo.

Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda TP, mashine bebeni, ila kwanza wanafunzi waambieni wanachotarajia kukiona.