Mjane Aliyejifunza Kusamehe

Kila tusalipo Baba Yetu twafanya agano na Mungu, nalo ni agano la kutisha tukiliangalia vema: twamwomba atupimie msamaha kwa kibaba kile kile tunachowapimia wenzetu. Wengi wetu twalipita neno hilo mbio. Yuko mwanamke mmoja wa Ufaransa ambaye neno hilo lilimkaa kooni kwa miaka, na leo Kanisa lamheshimu altareni. Ndiye Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal. Twapenda kuwasimulia habari zake wazazi wasomao gazeti hili, kwa kuwa alikuwa mke, mama na mjane kabla ya kuwa mtawa, tena kwa kuwa kusamehe hakukumjia kwa wepesi.

Alizaliwa mjini Dijon mwaka 1572. Baba yake alikuwa mmoja wa wakuu wa baraza la sheria la Burgundy. Mama yake alifariki yeye akiwa angali mtoto mdogo sana. Mwaka 1592 aliolewa na Christophe de Rabutin, bwana wa Chantal, wakakaa katika ngome ya Bourbilly. Mali ya mumewe aliikuta imezongwa na madeni. Basi Yoana akashika funguo za nyumba, akawa wa kwanza kuamka, akasimamia mashamba na watumishi mpaka mambo yakatengemaa. Walipendana sana. Walijaliwa watoto sita, na wawili kati yao walikufa wangali wachanga.

Mwaka 1601, Yoana akiwa ametoka tu kujifungua mtoto wa mwisho, Christophe alikwenda kuwinda pamoja na bwana d'Anlézy, aliyekuwa jamaa yake na rafiki. Risasi ya rafiki ikampata yeye. Alilala kitandani siku 9, na siku hizo hakuzitumia kunung'unika. Alimsamehe aliyempiga, akamtuliza katika majuto yake, akaagiza msamaha huo uandikwe katika kitabu cha kanisa. Twaona alifanya kwa busara, maana neno la mtu aliye kufani, warithi huweza kulisahau upesi. Kisha akafa.

Mume alisamehe kwa siku 9, mke hakuweza. Yoana alikuwa hajatimiza miaka 30. Alilia hata akakonda, nduguze wakamhofia. Alijua vema amri ya Bwana, wala hakutaka kuivunja, lakini kumtazama usoni mtu yule kulimshinda. Hapo sisi hatuthubutu kumlaumu. Katika nyumba zetu wamo wazazi waliopotewa na mtoto barabarani kwa uzembe wa dereva, nao wajua ilivyo kusikia jina fulani likitajwa na mwili mzima ukatetemeka.

Tena msiba wake haukuja peke yake. Baba mkwe alimwita aje kukaa kwake Monthelon pamoja na watoto, la sivyo angewanyima urithi. Akaenda, naye akakaa huko miaka ipatayo saba. Mzee yule alikuwa mkali, na nyumba yote ilitawaliwa na mtumishi mmoja mwanamke, ambaye funguo zilikuwa zake na ulimi ulikuwa wake. Mjane, binti wa watu wakubwa, hakuwa na amri hata ya jikoni. Wajane wa kwetu waliobaki ukweni kwa ajili ya urithi wa watoto hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Yoana alifanya nini? Mtumishi yule alikuwa na watoto. Yoana akawaogesha, akawavika, akawafundisha kusoma pamoja na wake mwenyewe. Hivyo akajizoeza kila siku katika mambo madogo, wala hakuna aliyempigia makofi.

Wakati wa Kwaresima ya mwaka 1604, Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, alifika Dijon kuhubiri. Yoana akamsikia, akamwomba awe kiongozi wa roho yake. Haukupita muda mrefu likaja swali lile: afanyeje akikutana na bwana d'Anlézy? Jibu la Askofu lilikuwa la upole na la kweli. Hakumlazimisha kumtafuta mtu yule. Ila nafasi ikitokea yenyewe, alitaka ampokee kwa moyo mwema na wenye huruma. Damu yake ingechemka, hilo Askofu alilijua, wala hakuliita dhambi. Alimkumbusha kwamba hata Bwana wetu alifadhaika mbele ya kaburi la Lazaro. Kwa jibu hilo Yoana aliondolewa mzigo alioubeba bure, yaani kudhani kwamba hajasamehe kwa kuwa angali anaumia.

Basi akamwona. Hatuna haja ya kubuni waliyoambiana. Twajua tu kwamba aliumia, tena kwamba hakukimbia.

Mambo yake ya baadaye yanajulikana zaidi, nasi tutayapita upesi. Mwaka 1610, huko Annecy, alianzisha pamoja na Mtakatifu Fransisko shirika la Ziara, kwa heshima ya Bikira Maria alipomwendea Elizabeti. Mwanawe wa kiume aliuawa vitani mwaka 1627. Yeye mwenyewe alifariki mjini Moulins tarehe 13 Desemba 1641, naye Baba Mtakatifu Klementi wa 13 akamtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1767.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwa maana liko jambo moja ambalo hatukulisema. Bwana d'Anlézy alipopata mtoto, Yoana alikuwa mama wa ubatizo wa mtoto huyo. Wasomaji wetu wajua kazi hiyo: ni kusimama penye maji ya ubatizo, kumjibia mtoto asiyeweza kusema, na kumlea katika imani. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule, mama wa ubatizo aliingia udugu wa kiroho si na mtoto tu, bali na wazazi wake pia, udugu wenye nguvu hata ulizuia ndoa baina yao. Hivyo, siku ile kanisani, mjane wa Christophe alifanywa ndugu wa mtu aliyemfanya mjane.