Habari za Mwalimu Amo wa Axim

Mji wa Wittenberg twaujua kwa sababu ya Dr. Martin Luther aliyefundisha huko. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa katika chuo kikuu kile kile Mwafrika alipewa cheo cha Magister mwaka wa 1730. Jina lake ni Anton Wilhelm Amo.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1703 karibu na Axim, katika Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana ya leo. Angali mtoto mdogo, Waholanzi walimchukua merikebuni hata Ulaya, akatolewa kama zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani. Huko akabatizwa mwaka wa 1708, akalelewa katika nyumba ya mtawala. Majina Anton na Wilhelm yalitoka kwa wakubwa wale. Jina la Amo alitoka nalo kwao.

Mwaka wa 1727 aliingia chuo kikuu cha Halle kusoma sheria. Mwaka wa 1729 akasimama mbele ya wanachuo, akajadili haki za Waafrika walioko Ulaya, akiuliza kama utumwa wao wapatana na sheria. Maandishi yale yamepotea, ila habari yake ilichapishwa siku zile. Baadaye akafundisha filosofia Halle na Jena. Alijua Kilatini, Kiyunani, Kiebrania, Kifaransa, Kiholanzi na Kijerumani.

Angaliweza kujifunika kwa majina ya kigeni tu, lakini hakufanya hivyo. Katika vitabu vyake vya mwaka wa 1734 na 1738 aliandika jina la Amo, akaongeza kwa Kilatini ya kuwa yeye ni Mwafrika.

Wakubwa waliomsaidia walipokwisha kufa, maisha yake yakawa magumu, hata watu wakamdhihaki kwa mashairi. Yapata mwaka wa 1747 akarudi kwao. Mganga mmoja wa merikebu alimkuta Axim mwaka wa 1753: baba yake na dada yake walikuwa hai, lakini ndugu yake alikuwa mtumwa Surinam. Basi jambo lile alilolijadili kwa Kilatini lilikuwa jeraha la nyumbani mwake mwenyewe. Kaburi lake liko Shama, katika pwani ile ile.

Ndugu walimu, tujifunze lugha za wengine kwa bidii, kama Amo. Wala tusiyaonee haya majina tuliyopewa na wazazi wetu.