Salim Bey: Askari wa Miguu Aliyeishia Naivasha

Nilikuwa Kibera hivi karibuni, mtaa wa Makina, nimeketi barazani baada ya sala ya alasiri. Vijana walikuwa wakibishana juu ya vita. Mmoja alishikilia kwamba mwenye vifaru vingi ndiye mshindi. Mwenziwe akamkumbusha Lukaya, nchini Uganda, Machi 1979, ambako vifaru vya Libya viliwatawanya Watanzania siku ya kwanza, na kesho yake alfajiri wakaja askari wa miguu kutoka ubavuni wakayageuza mambo. Mzee mmoja wa Kinubi hakutia neno. Aligonga ardhi kwa bakora yake, basi.

Nilimwelewa. Ardhi ile walipewa mababu zake kwa ajili ya miguu yao, na wengi wa askari wale wa mwanzo asili yao ni jeshi la mtu mmoja, marehemu Salim Bey.

Salim alikuwa ofisa Msudani katika jimbo la Ikweta, kusini kabisa mwa Sudan, chini ya bendera ya Khediwi wa Misri. Gavana wake alikuwa Emin Pasha. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa watu wa Mahdi, Januari 1885, jimbo lile likabaki peke yake kama kisiwa. Stanley alikuja kumchukua Emin, na Aprili 1889 wakaondoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuelekea pwani. Salim alikuwa bado yuko nyuma akiwakusanya watu wake. Hawakumngoja.

Mwaka 1891 Emin akarudi, sasa akiwatumikia Wajerumani, akataka wamfuate. Salim alikataa, kwani kiapo chake kilikuwa kwa Khediwi. Septemba mwaka ule ule akaja Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza. Naye pia hakumpata kwa urahisi. Salim alikubali kwa sharti moja, kwamba ruhusa itakwe Misri kwanza. Watu wa namna hii ni wachache zama zote, seuze zama zile za kila mtu na bunduki yake.

Lugard alikuwa na haja kubwa. Bombomu yake ya Maxim ilikuwa kuukuu, imechakaa, na hata ingekuwa mpya, bombomu hufukuza watu lakini hailindi mpaka wala haikeshi zamu. Kwa kazi hiyo alihitaji watu. Akaondoka Kavalli na askari wa Salim wapatao mia sita, na pamoja na wake, watoto na wafuasi, msafara ukapita watu 8,000. Hao ndio waliojaza ngome mpakani mwa Toro na Bunyoro.

Mwaka 1893 Lugard hayupo tena, na anayetawala Uganda ni Kapteni Macdonald, mhandisi aliyekuwa amepima njia ya reli. Ugomvi ukazuka baina ya Waganda Waislamu na Wakristo. Salim, mgonjwa, yuko Entebbe. Ilidaiwa kuwa alipeleka habari kwamba hatakubali Waislamu wapigwe. Kwa Macdonald huo ulikuwa uasi. Wasudani wa Kampala wakanyang'anywa silaha, na Salim akahukumiwa, akavuliwa cheo na kupelekwa pwani chini ya ulinzi. Hakufika. Alifia njiani, Naivasha, mwaka ule ule.

Mimi sioni uasi hapo. Mtu aliyewakatalia wakubwa wawili kwa ajili ya kiapo chake, ghafla amekuwa msaliti? Lugard mwenyewe alimtetea baadaye, lakini maiti hatetewi akafufuka.

Askari wake walibaki, na kazi ilibaki ile ile: kutembea. Mshahara ulikuwa mdogo, ukicheleweshwa, ukilipwa kwa nguo. Mwaka 1897 waliamriwa waende safari nyingine ndefu, waache wake zao nyuma, na kiongozi wa safari hiyo ni nani? Macdonald yule yule! Wakaasi, na ikabidi askari waletwe kutoka Bara Hindi kuwazima.

Hata hivyo Waingereza hawakuweza kuwaacha Wasudani. Jeshi la KAR lilipoundwa mwaka 1902 waliingizwa humo. Kifaru kilipoingia vitani mara ya kwanza, Septemba 1916 huko Ufaransa, KAR walikuwa wakimfuata Mjerumani katika misitu ya Tanganyika kwa miguu, mbung'o wakiua farasi, na mizigo ikibebwa vichwani na wapagazi.

Kibera, ambayo Wanubi huiita Kibra, yaani msitu, walianza kupewa mwaka 1904. Mwaka 1918 ilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Hati ya ardhi ya jamii waliipata 2017, ya ekari 288.

Magharibi ilipokaribia niliaga, kwani nilikuwa nimefikia Kawangware. Matatu ikakata kona kutoka Barabara ya Ngong, ikaingia Barabara ya Naivasha. Nilipoliona jina lile kwenye kibao nikamsomea Salim Bey Fatiha, utingo akinidai nauli.